Chumvi Kwenye Maji ya Zubeda

Juzi mwanangu alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, daftari la sayansi magotini na penseli mdomoni, akaniuliza bila kunitazama, "Mama, mmumunyo ni nini?" Nilikuwa naosha mchele. Nikamjibu hapo hapo, kama mtu anayeitikia salamu, kwamba ni mchanganyiko ambao ukiutazama huoni kilichoyeyuka ndani yake. Akaandika. Halafu akataka mfano. Mfano ninao, tena ninao mmoja tu, na sikutaka kumpa. Nikamwambia aandike sukari kwenye chai, nikarudi kwenye mchele wangu, lakini mdomo ulikuwa umeshajaa ladha ya chumvi.

Mimi ni mtu wa wivu. Nalisema mapema ili msije mkadhani huko mbele nitageuka malaika. Nimeolewa, nina watoto, nina bomba la maji ndani ya uzio hapa Korogwe mjini, na bado jirani akinunua pazia jipya silali vizuri. Lakini wivu wa ukubwani una adabu, unajua kujificha nyuma ya "hongera shoga". Wivu wa utotoni hauna nguo. Na wangu ulikuwa na jina, uliitwa Zubeda.

Tulikuwa tunakaa Kabuku, nyuma kidogo ya barabara kubwa. Baba alifanya kazi kwenye shamba la mkonge la mbali, akirudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili, mimi na mama. Mama alikuwa na kibanda cha chai na maandazi barabarani, wateja wake madereva wa malori na abiria ambao mabasi yao yamepata pancha. Nilikuwa mtoto wake wa pekee na alinigombeza kutoka alfajiri mpaka Isha. "We mtoto we, umeacha mlango wazi kuku wanaingia! We mtoto, hiyo kanga umeikunja au umeitafuna?" Hasira zikimzidi alihamia kwenye Kizigua, na hapo nilijua ni wakati wa kukimbilia nyuma ya choo.

Wenzangu mliokulia Handeni mnayajua maji yetu. Kisima cha pampu kilikuwa karibu na msikiti, hatua chache tu, lakini maji yake yalikuwa ya chumvi. Unafulia nguo sabuni haitoi povu, unayachemsha sufuria inabaki na gamba jeupe chungu. Ya kunywa na ya chai yalitoka lambo, bwawa la mvua lililo mwendo wa kutoka jasho, na lambo tulikuwa tunachangia na ng'ombe wa Wamasai na vyura wote wa tarafa. Ukiyachota yana rangi ya chai ya maziwa. Ndiyo maana kila nyumba ilikuwa na mbegu za mlonge. Unazimenya, unazitwanga, unakoroga unga wake kwenye maji kidogo, unachuja kwa kitambaa, unamimina kwenye ndoo. Kisha unakoroga haraka haraka, baadaye polepole sana, unafunika, unasubiri. Tope lote linashuka chini kama limeitwa. Kwetu kazi hiyo ilikuwa yangu. Mama alisema nina mkono mwepesi, na katika mambo yote aliyowahi kusema juu yangu, hilo ndilo pekee lililofanana na sifa.

Zubeda alikuja wakati muhula umefika katikati, akiwa na begi dogo na ndala mpya. Mama yake alikuwa mdogo wake mama yangu, wakikaa Magoma, na alikuwa amefariki baada ya kuugua muda mrefu. Baba yake alishatangulia siku nyingi. Tulikuwa rika moja, yeye mrefu zaidi, shingo ndefu, mpole mpaka unasikia hasira. Mama alinikalisha chini kabla Zubeda hajafika. "Huyu ni yatima," aliniambia. "Chozi la yatima halianguki chini likapotea. Nisikusikie unamwinulia sauti. Na mimi mwenyewe Mungu anilinde na ulimi wangu." Niliitikia kwa kichwa. Sikujua kwamba hilo la mwisho ndilo lingenitesa.

Siku ya kwanza tu, mimi na mama tukiwa kibandani, Zubeda aliona ndoo pembeni ya jiko. Akafunua. Huko Magoma maji yanashuka mlimani, yanaimba kwenye mawe, unaweza kuona kidole chako ndani yake. Yeye aliona ndoo yenye tope chini na ungaunga unaelea, akafikiri ni maji machafu yaliyosahaulika. Akayamwaga kwenye mgomba. Akaisugua ndoo kwa majivu mpaka ikang'aa, akaifunika, akatusubiri kwa fahari.

Nilipoona ndoo tupu nilirudi nyuma hatua mbili, nikisubiri dunia ipasuke. Mama alitazama ndoo, akatazama mgomba. Midomo yake ilicheza. Halafu, jamani, akacheka.

"Haya, mgomba umekunywa chai leo," alisema. "Hukujua, mwanangu. Pole. Maji ya huku tunayatuliza kwanza kwa mlonge. Kaa chini upumzike."

Halafu akanigeukia mimi. "We mtoto, umesimama hapo kama kigingi! Chukua ndoo uende lambo kabla jua halijazama!"

Nilikwenda. Njia nzima nilikuwa nahesabu ningepigwa mara ngapi kama ningemwaga mimi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ilipita, ya kumi ikapita, mwezi ukapita, na mama hakumpa Zubeda jembe wala neno gumu. Alimwita "mama" na "mwanangu" kwa sauti laini ambayo mimi niliisikia anapozungumza na mke wa shehe tu. Akivunja kikombe: "Haidhuru, vikombe vingi." Nikivunja mimi: "Una mikono au una kwato?" Mimi, kwa akili ya mtoto, nilipiga hesabu yangu nikapata jibu moja, kwamba mama amempata mtoto anayemtaka.

Shuleni nako hakukuwa na pumziko. Mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Semkiwa, alikuwa amebandika karatasi kubwa za manila ukutani. Kila neno jipya la sayansi liliandikwa pale na mwanafunzi aliyeleta mfano mzuri kutoka kwao, kisha jina lake pembeni kwa kalamu nyekundu. Jina langu lilikuwepo mara nne. Neno *mchanganyiko* lilikuwa langu, mfano makande, maana mahindi na maharage hata yakipikwa pamoja unaweza kuyatenganisha kwa vidole. *Mlishano* lilikuwa langu pia, panzi anakula jani, chura anamla panzi, nyoka anamla chura. Wanafunzi wote walijua ukuta ule una mwenyewe.

Basi siku moja mwalimu akaandika ubaoni *mashapo*, akauliza nani ana mfano. Kabla sijainua mkono, Zubeda akasimama. Akasimulia taratibu jinsi alivyomwaga ndoo nzima ya maji kwa sababu hakujua kwamba lile tope chini ndiyo mashapo, na kwamba yakiachwa yatulie, maji ya juu ni safi. Darasa lilicheka mpaka madawati yakalia. Mwalimu naye alicheka. "Hilo ndilo somo," akasema, "amelipata kwa kumwaga." Akampa kalamu nyekundu.

Mashapo! Mimi niliyeyaona mashapo kabla sijaota meno. Mimi ndiye niliyetengeneza yale mashapo aliyoyamwaga. Nilikaa pale kucha zangu zikichimba dawati.

Baada ya hapo akawa hashikiki. Tulipokwenda lambo kujifunza mfumo wa ikolojia, mwalimu alitaka tutaje viumbe hai na visivyo hai vinavyotegemeana. Mimi nilitaja ng'ombe, vyura, matete, nikajiona nimemaliza. Zubeda akainama, akaokota jani lililooza, akauliza kama vile vidudu vinavyoliozesha navyo vinahesabiwa, maana bila wao matete yangekula nini? Mwalimu alimtazama kama aliyeokota noti njiani. Lambo langu, jamani, nililolifuata kwa miguu yangu tangu natembea, na yeye ana miezi miwili tu! Siku ambayo mwalimu alichemsha maji ya chumvi kwenye kifuniko cha bati mpaka yakakauka, chumvi ikabaki imeng'ang'ania, neno *uvukizaji* nalo likamwendea yeye, kwa mfano wa nguo zinazokauka kambani. Jina lake lilifika mara sita. Langu likabaki nne.

Na hata hayo ningeyameza. Lakini jioni moja mama alikunywa maji ambayo Zubeda alikuwa ameyatuliza kwa kujifunza, akainua kikombe kwenye mwanga, akasema, "Maashallah. Mkono wa mtoto huyu ni mwepesi." Kisha akaniambia, bila hata kunitazama, kwamba kuanzia kesho mwenzangu atashughulika na maji ya chai, mimi nishike kuni.

Roho iliniuma sana. Sisemi ili mnionee huruma, nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilihisi kama mtu ameingiza mkono kifuani kwangu akachukua kitu kidogo nilichokuwa nimekificha.

Ijumaa iliyofuata Zubeda alichota maji lambo, akayatuliza, akayachuja, akafunika ndoo ya chai ya kesho, akaenda kuoga. Nikabaki peke yangu jikoni. Kopo la chumvi ya mawe lilikuwa juu ya kichanja. Nilikumbuka vizuri sana alichosema mwalimu, kwamba chumvi ikiyeyuka haionekani na hata ukichuja kwa kitambaa haitoki. Ndiyo elimu hiyo. Nikatia viganja vitatu, nikakoroga haraka haraka, baadaye polepole sana, kwa mkono wangu mwepesi. Nikasawazisha chumvi iliyobaki koponi, nikafuta mwiko. Maji yalikuwa yametulia na meupe, mazuri kuliko yote yaliyowahi kutoka nyumbani kwetu.

Jumamosi haina shule. Mama alitoka mapema kwenda kibandani na ndoo kichwani. Jua halijafika katikati nikamwona anarudi, anatembea upesi, kanga imemlegea, na ndoo bado ina maji nusu. Alikuwa ameinjika birika, ametia tangawizi, ametia sukari, akawamiminia watu sita wa lori moja bila kuonja. Dereva alitema mbele ya kila mtu, akauliza, "Mama, hii chai au supu?" Lori likaondoka kwa kicheko, na wenye vibanda vya pembeni wakacheka kuliko lori.

Mimi nilitegemea atasema maji yameharibika, mkono wa Zubeda si mwepesi tena, kazi irudi kwangu. Hapo ndipo nilipokosea. Mtu wa Kabuku akionja maji ya chumvi hafikirii kopo la chumvi. Anafikiria kisima.

"Zubeda!" Sauti hiyo nilikuwa naijua mimi tu. "Umechota kisimani?"

"Hapana, mama mkubwa. Nilikwenda lambo."

"Unanidanganya! Umeona lambo mbali, ukaenda pampu hapo msikitini, ukanipa maji ya kufulia nikawapikie watu chai! Uvivu nitakusamehe, lakini uongo? We mtoto, mtoto wangu mwenyewe, unanitia aibu barabarani?" Halafu akahamia kwenye Kizigua, yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, huku mwiko ukipiga meza. Alimaliza kwa kusema atampigia simu mjomba wetu wa Mpale aje amchukue, maana mtu mwongo hakai kwake. Akamsukumia masufuria yote ayasugue.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilichokitaka kilikuwa kinatokea mbele ya macho yangu, tena kwa kipimo kikubwa kuliko nilichoagiza. Mjomba wa Mpale akija, Zubeda anapanda pikipiki na begi lake, ukuta unarudi kuwa wangu, na mama pia.

Nilimtazama Zubeda anasugua sufuria nikisubiri ajitetee. Alikuwa na kila kitu cha kujitetea. Maji yale nusu ndoo yalikuwa bado pale. Angeyachemsha kidogo tu kwenye kifuniko cha bati, kama tulivyofanya darasani. Maji ya kisima yangeacha gamba chungu, haya yangeacha chumvi safi ya kupikia, na mama angejua papo hapo kwamba kuna mkono wa mtu. Neno hilo, uvukizaji, lilikuwa ukutani, na jina lake pembeni. Hakuchemsha chochote. Alisugua, kichwa chini, na mara moja tu alichovya kidole kwenye ile ndoo, akakiweka ulimini, akanitazama. Kisha akaendelea kusugua. Nikasema moyoni, kumbe ni mjinga, anajua maneno tu.

Mchana kutwa mama alimwandama. "We mtoto, hiyo umesugua au umeibembeleza? We mtoto, unamwaga maji, lambo ni la baba yako?" Na Zubeda, kila akiitwa, anaitika upesi, "Abee mama!" Si mama mkubwa tena. Mama tu. Na mimi siku nzima hakuna aliyenigombeza. Niliacha mlango wazi kwa makusudi, kuku wakaingia, mama akawafukuza mwenyewe bila neno. Nilidondosha kikombe. Akasema, "Okota," akarudi kwa Zubeda.

Hapo ndipo lile jambo la ajabu liliponipata. Nilianza kumwonea wivu kwa kugombezwa. Yale makelele yalikuwa yangu. "Mtoto wangu mwenyewe" ilikuwa yangu, na maneno hayo mama hajawahi hata kuniambia mimi, ameyatoa leo kwa mara ya kwanza na amempa mwingine. Nilikaa kwenye kuni zangu nikaona kwamba hata nikimfukuza atakuwa ameondoka na maneno yale.

Kwa hiyo nilikiri. Msinisifu. Sikukiri kwa sababu ya haki, wala kwa kuogopa chozi la yatima. Nilikiri kwa sababu nilitaka changu. Nilisimama mbele ya mama alipokuwa anapepeta unga nikasema, "Ni mimi niliyetia chumvi. Ya kopo."

Sitawasimulia kipigo, wenye umri wangu mnakijua. Kizigua kilikwisha akaanza upya. Nililia kwa sauti, na ndani kabisa, nyuma ya kilio, kulikuwa na kitu kimekaa raha mustarehe. Mama alipochoka alikwenda kwa Zubeda, akapiga magoti mbele yake pale kwenye masufuria, akamshika mikono iliyojaa majivu. Sauti ikarudi ile ya mke wa shehe.

"Nisamehe, mama. Nimekuonea. Mungu anisamehe, nimemgombeza yatima wa watu. Acha hayo masufuria, mwenzio atasugua. Pumzika."

Zubeda alisema, "Haidhuru, mama mkubwa." Akanawa mikono taratibu.

Leo Zubeda ana watoto wanne na duka la dawa za mifugo Handeni mjini. Tunapigiana simu, tunachangiana kwenye shughuli, na bado nikisikia amejenga chumba kingine nakwenda kuhesabu vyumba vyangu. Jambo lile hatujawahi kulizungumza tangu jioni ile ile, mama alipotutuma wote wawili lambo kujaza ndoo upya. Yeye alitangulia, mimi nikafuata huku nachechemea, macho yamevimba, nikijiandaa kusema samahani. Nilidhani atafurahi, maana nimemwokoa na mjomba wa Mpale. Tulipofika kwenye matete alisimama, na nilipomsogelea nikaona kwamba mpole yule ana hasira.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Nilijua tangu nilipoonja. Kwa nini umesema?"

"Ungepelekwa Mpale."

"Asingenipeleka. Wewe mara ngapi amekwambia atakutupa porini, amekutupa?" Alifuta pua kwa mkono wa gauni. "Wewe anakugombeza kila siku. Ungeniachia hata hii siku moja."

Akachota maji yake, akajitwisha, akaanza kurudi bila kunisubiri. Nilibaki ukingoni na ndoo tupu mkononi.